Mkono Unaopona na Mtoto Asiyetulia

Hotuba iliyotolewa kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa kinywa na meno. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika, habari za tangu asubuhi. Na ninyi vijana mlioko mafunzoni kule nyuma, marahaba, kama mmenisalimia.

Naomba mikono juu. Nani humu ndani hajawahi kung'atwa na mgonjwa? Naona mikono miwili, na mmoja ni wa dereva aliyewaleta.

Swali la pili msinijibu kwa mkono, jijibuni wenyewe. Nani amewahi kurudi kazini kabla hajapona, kwa sababu tu ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, imeisha?

Walioandaa mkutano waliniandikia mada mbili: kurudi kazini baada ya kuumia, na mafunzo ya kumtuliza mtoto kwenye kiti cha meno. Mimi naziona ni mada moja. Mtoto asiyetulia ndiye anayetuumiza. Na mkono ulioumia ndio unaoshindwa kabisa na mtoto asiyetulia. Ukitenganisha hayo mawili, utampa mwenzako barua ya kurudi kazini halafu umkabidhi mtoto anayepiga mateke, kisha ushangae anapoumia tena.

Tuanze na sindano.

Mchukulieni mtoto wa miaka mitano. Nyumbani wiki nzima ameambiwa: "Usipokula, nakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Leo kweli kaletwa. Gego la chini limetoboka, usiku hakulala, na mama naye hakulala. Benchi limejaa. Tabibu anamwambia, "Fungua mdomo, haiumi." Muuguzi anapitisha sindano mbele ya uso wa mtoto. Mtoto anaiona, anageuza kichwa, mkono unaruka. Ncha inachomoka kwenye fizi na kuzama kwenye kidole gumba cha kushoto cha tabibu, kile kile kilichokuwa kinavuta shavu.

Kosa liko wapi? Tukikaa kwenye chai tutasema mtoto mtundu. Hapana. Sindano imepita mbele ya macho wakati ingepita chini ya kidevu. Shavu limevutwa kwa kidole wakati kioo kipo kwenye trei. Kichwa hakikuegemezwa popote. Mikono ya mtoto haikuwa na mtu wala kazi. Na kubwa kuliko yote, mtoto hakuambiwa lolote la kweli tangu aingie mlangoni. Kwenye orodha hiyo yote, utundu uko wapi?

Sasa kidole kinatoka damu. Weka sindano chini mahali salama, vua glavu, nenda kwenye bomba. Sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue kidole, usikimwagie Jiki wala spiriti, kwa sababu ngozi iliyobabuka inafungua njia zaidi badala ya kuifunga. Kisha mwambie mkuu wako wa kitengo saa hiyo hiyo, si jioni baada ya kumaliza foleni. Mgonjwa anapimwa kwa ridhaa, na kwa mtoto ridhaa ni ya mzazi, inaombwa ndani ya chumba kwa upole, si koridoni. Wewe nawe unapimwa. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na zisipite saa 72. Zikianza ni siku 28. Wengi wanaziacha katikati kwa kichefuchefu, wanajisemea mtoto yule alionekana mzima. Homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko VVU kwa njia ya sindano, na chanjo yake ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kadi yako ya chanjo iko wapi? Unaijua ilipo, au unadhani unaijua?

Na iandikwe. Tukio lisiloandikwa halikutokea. Kwa walioko Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008, mchango wake analipa mwajiri, wewe hukatwi mshahara. Lakini Mfuko hausomi mawazo yako. Unasoma taarifa ya ajali: tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, aliyeshuhudia.

Twende kwenye mkono.

Tabibu wa pili hakuchomwa na sindano. Alianguka kwenye bodaboda, akatanguliza kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, wiki sita. Hogo likatolewa, ED ikaisha siku ya Ijumaa, Jumatatu akarudi. Benchi lilikuwa linamsubiri, maana kituo kizima tabibu wa meno ni yeye. Kabla ya saa sita alikuwa ameng'oa magego manne. Jumatano mkono umevimba, vidole havikunji, na usiku ganzi inampanda mpaka kwenye kidole cha kati. Alhamisi yuko nyumbani tena, na safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Ndugu zangu, hogo kutolewa maana yake ni kwamba mfupa umeshika. Mfupa. Wiki sita zile misuli ya mkono wa mbele ilikuwa inasinyaa na kiungo kikikakamaa. Kung'oa gego kunahitaji kuzungusha kifundo ukiwa umebana koleo kwa nguvu, na huo mzunguko wa kulaza na kuinua kiganja ndio mara nyingi huchelewa kurudi. Kidole hukunjika mapema. Kuzungusha ukiwa umebana huja mwishoni, na huhesabiwa kwa miezi.

Utajuaje mkono umefikia wapi? Kama kituo chenu hakina kipima nguvu ya kubana, mashine ya presha haikosekani. Kunja kile kitambaa chake kiwe mviringo, ukijaze upepo hadi milimita 20 za zebaki, kisha ubane kwa mkono usioumia na usome mshale ulipofika. Rudia kwa mkono ulioumia. Mara tatu kila mkono, uandike. Huna haja ya hesabu kubwa: unalinganisha mkono na nduguye, na wiki hii na iliyopita. Kisha vaa glavu, fumba macho, mwenzako akupe kipande cha pamba na kipande cha chachi. Usipovitofautisha, bado hujawa tayari kutafuta mzizi uliovunjika kwenye shimo lenye damu. Halafu shika kioo na kijiko cha kuchimbia, fanya kazi kwenye jino lililong'olewa na kusimikwa kwenye plasta, dakika 20 kwa saa. Maumivu wakati wa zoezi si tatizo sana. Angalia kesho asubuhi. Kama yamelala na kuamka nawe, umezidisha, rudi hatua moja.

Baada ya hapo kazi inarudi kwa ngazi, na ngazi ziandikwe kwenye karatasi yenye sahihi ya mganga mfawidhi. Kwa mdomo haitoshi, kwa sababu siku foleni ikifika mlangoni kila mtu husahau alichokubali. Wiki ya kwanza nusu siku: kuchunguza, kushauri, kupaka floraidi, kupaka ile dawa ya fedha ya asilimia 38 inayosimamisha kuoza. Hiyo haihitaji nguvu. Unapaka vaselini midomoni, unakausha jino kwa pamba, unagusisha dawa kwa brashi ndogo kwa muda usiozidi dakika moja. Ila mwonyeshe mzazi picha kwanza. Sehemu iliyooza itakuwa nyeusi kama mkaa, na ikidondokea kwenye shati la shule haitoki.

Wiki zinazofuata ni kuziba, kisha kung'oa meno ya utoto yaliyolegea, kisha ya mbele ya watu wazima. Magego yawe ya mwisho.

Hapa kuna mtego. Wengi humpa anayerudi kazi ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine, wakidhani ni kazi nyepesi. Njia hiyo tunaijua vizuri, ilizaliwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walipotafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo umeme, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Kwa mtoto ni neema: hakuna kelele, mara nyingi hakuna sindano. Kwa kifundo kinachopona je? Kijiko kwenye sehemu laini iliyooza hakina shida. Shida ni kile kipasulio cha kupanua tundu kwenye ganda gumu la jino. Kinazungushwa kwa nguvu ya kifundo, yaani mzunguko ule ule wa koleo. Kwa hiyo mpe matundu yaliyo wazi tayari. Yenye mlango mdogo yamngoje mwenzake.

Na kiti chako. Huwezi kurudi na mkono mpya kwenye mkao ule ule wa zamani. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako, na anayetumia mkono wa kulia akae kati ya namba 9 na namba 12 za uso wa saa ya ukutani, mgonjwa akiwa katikati na kichwa chake kikielekea namba 12. Bega likiwa juu, kifundo ndicho kinacholipa. Basi.

Sasa tumrudishe mtoto wetu wa miaka mitano tuanze upya. Safari hii anayempokea ni huyu mwenye kifundo kinachopona. Atafanyaje?

Anaanza kwenye benchi. Barakoa haijavaliwa. Mtoto kafundishwa salamu, anasema shikamoo kwa sauti ya panya. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Unaitwa nani?" Tabibu kachuchumaa, macho kwa macho. Kisha anamgeukia mama: "Mama, ndani tutakuwa na sauti moja tu, ya kwangu. Wewe mshike mguu, umtazame. Na lile neno la sindano nyumbani, tulipumzishe." Mama atacheka. Mwache acheke, lakini mwambie. Watu watatu wakisema pamoja "tulia, fungua, usilie", mtoto hasikii hata mmoja.

Je, ana uvimbe wa uso, homa, au anashindwa kumeza? Kama ndiyo, mazungumzo mengine yote yanasubiri, huyo ni wa dharura na anapelekwa panapostahili. Kama hapana, una siku mbili. Parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 ni miligramu 225, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Leo usingizi urudi. Jino litang'olewa keshokutwa.

Leo anajifunza kiti. Mwaka 1959 daktari wa meno Addelston aliandika njia ambayo mpaka leo haijapata mpinzani: sema, onyesha, fanya. "Hiki ni kioo, kina mkia mrefu." Anakigusa. "Sasa kinahesabu meno yako." Hapo hapo kinahesabu. Kosa letu ni kusema kwa dakika tatu, kuonyesha, halafu kugeuka kuandika kwenye kadi. Pengo hilo kati ya kuonyesha na kufanya ndilo hofu inapotaga mayai. Na ukimwambia utahesabu meno kumi, simama kwenye kumi. Simama hata kama la kumi na moja limetoboka. Leo umemwonyesha kwamba neno lako lina mwisho.

Kila kifaa kina jina la mtoto. Mrija wa kufyonza mate ni mrija wenye kiu. Mashine ni bomba linaloimba. Ganzi ni dawa ya kulaza jino. Sindano haionyeshwi, lakini haikanushwi. Akiuliza "Kuna sindano?" usiseme hakuna. Sema, "Kuna dawa ya kulaza jino, utasikia kubanwa, tutahesabu pamoja mpaka kumi." Usimwambie haiumi. Narudia, usimwambie haiumi. Ukisema haiumi na ikauma, umepoteza mtoto huyo, na wadogo zake wawili ambao jioni watasimuliwa.

Mpe alama ya kusimamisha: mkono wa kushoto juu. Mjaribishe kabla ya kazi. Anyanyue, wewe usimame, utoe mikono mdomoni kabisa. Mara ya kwanza atanyanyua bila sababu, anakupima. Simama. Akishajua inafanya kazi, hataitumia ovyo.

Kabla hajaondoka, andika tabia yake. Kipimo cha Frankl cha 1962 kina ngazi nne tu, na kalamu moja inatosha: kutoa mbili kwa anayekataa kabisa, kutoa moja kwa anayesitasita, kujumlisha moja kwa anayekubali kwa tahadhari, kujumlisha mbili kwa anayefurahia. Kwa nini uandike? Kwa sababu kadi hiyo ndiyo itakayoamua nani akae kwenye kiti cha mwenye mkono mbovu. Wa kutoa mbili asipangiwe anayerudi kutoka ED. Kwangu hilo halina mjadala.

Keshokutwa amekuja, kalala vizuri. Kausha fizi kwa chachi, maana dawa ya kupaka haishiki kwenye mate. Weka kiasi cha punje ya mahindi kwenye pamba, dakika moja hadi mbili kwa saa ya ukutani, si kwa makadirio yako. Sindano nyembamba, geji 30, fupi kama mahali panaruhusu. Muuguzi anaipitisha chini ya kidevu. Mkono wake mwingine unakaa juu ya mikono ya mtoto bila kuigusa, kama paa. Shavu linavutwa kwa kioo. Matone machache kwanza, kisha polepole, mililita moja kwa dakika. Maumivu mengi ya sindano hutokana na dawa kusukumwa kwa haraka kwenye nyama isiyo na nafasi, kuliko ncha yenyewe.

Na kiasi? Lidokeni, dawa yetu ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Ukichukua kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 anafikia miligramu 66. Katriji, yaani kichupa cha dawa kinachoingia kwenye sindano, ya mililita 1.8 ina miligramu 36, ya 2.2 ina 44. Yaani katriji mbili zimeshazidi, ziwe za aina yoyote. Anayeongeza "kidogo tu" kwa sababu mtoto bado analia, hajajiuliza kama mtoto analia kwa maumivu au kwa woga. Ganzi haitibu woga.

Kabla ya koleo, bonyeza mkono wa mtoto kwa kidole. "Utasikia hivi: kusukumwa. Ukisikia kuchomwa, nyanyua mkono." Ganzi inaua maumivu, haiui msukumo, na mtoto asiyeambiwa tofauti atalia kwa msukumo. Sasa tazameni mkono wa tabibu wetu. Gego la mtoto wa miaka mitano bado lina mizizi yake mizima, iliyopanuka kama miguu ya kigoda. Halitoki kwa kuvutwa. Linatoka kwa msukumo mdogo, wa taratibu, unaopanua mfupa kidogo kidogo. Mkono unaopona unauweza msukumo wa taratibu. Hauwezi mshtuko. Na mtoto aliyetulia ndiye anayekupa muda wa kwenda taratibu. Kama mkono haujafika ngazi hiyo, tabibu huyu anamaliza kazi ya kutuliza na kutia ganzi, anampisha mwenzake kwa koleo, na mtoto anaambiwa mapema: "Jino lako litatolewa na dada huyu, mimi nitakuwa nahesabu." Si aibu. Kwenye kituo chenye tabibu mmoja, tarehe ya magego inapangwa siku mtu wa kituo jirani anapokuja, hilo nalo liwe kwenye ile karatasi.

Akimaliza, msifu kwa jambo: "Uliacha mdomo wazi mpaka kumi." "Mtoto mzuri" halimfundishi kitu. Na mama aambiwe mdomo utabaki na ganzi saa mbili hadi tatu, asile, asitafune mdomo. Msipomwambia, kesho atarudi na mdomo umevimba, una doa jeupe, na mtu wa zamu atauita usaha na kuandika antibiotiki. Ni jeraha la meno yake mwenyewe. Linapona lenyewe.

Mtaniuliza, na watu wanne wa kumshika? Najua vituo ambavyo hiyo ndiyo njia pekee. Kuna wakati mtoto lazima ashikwe: jipu, damu, hatari ya kweli, mzazi ameelezwa na amekubali, na ni mzazi ndiye anayemkumbatia. Kushika kwa sababu benchi ni refu ni jambo jingine. Zamani hata kumziba mtoto mdomo kwa kiganja ilikuwa mbinu ya vitabuni. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kiliiondoa kwenye mwongozo wake mwaka 2006. Anayeshikwa kwa nguvu anajifunza kupigana mapema zaidi ziara ijayo, na ziara ijayo labda ni ya mkono wako.

Haya yanafundishika. Msiseme fulani ana kipaji cha watoto. Tengeni dakika 15 kwa wiki, mmoja awe mtoto, mmoja mama mwenye vitisho, mmoja tabibu. Simu irekodi sauti. Kisha hesabuni: amesema "usi-" mara ngapi? Ameuliza mara ngapi maswali yasiyo na hiari, "Tuanze sasa?" wakati "hapana" haikubaliki? Swali la hiari ni lile ambalo majibu yote mawili yanakufaa: "Tuanze kuhesabu juu au chini?" Na anayerudi kutoka ED awe wa kwanza kukaa kwenye zoezi, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Aliyechomwa na sindano mwezi uliopita anarudi na mabega yaliyokaza na sauti iliyopanda, mwenyewe hajui. Mtoto anajua.

Nimeona saa, na chakula kinanukia. Baada ya chakula viti viko chumba cha pili, kaeni watatu watatu. Sindano hatukuleta. Badala yake kila mmoja atapewa kalamu yenye kofia, na hatutoki mpaka kila mtu aweze kuivika kofia ikiwa imelala mezani, kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Wenye hogo waanze na mkono mzima.